Jinsi ya Kudhibiti Wakati wa Kukokotoa Fomula za Mzunguko Katika Excel

Fomula ya mzunguko ni fomula inayojitegemea yenyewe: ama inasoma seli ileile iliyomo, ama inasoma seli nyingine ambayo nayo, baada ya hatua moja au kumi, inarudi kuisoma ile ya kwanza. Fomula ya kawaida, mradi takwimu zake hazijabadilika, hutoa jibu lilelile hata ikikokotolewa mara mia. Fomula ya mzunguko sivyo ilivyo. Jibu lake hutegemea ilianza na thamani gani na imekokotolewa mara ngapi, na ndiyo maana mtu mwenye faili la namna hii hana budi kujua ni lini hasa ukokotoaji unafanyika na ni nani anayeuamuru. Wengi huwasha tu mpangilio unaoondoa onyo, wakaendelea na kazi, na faili likabaki likitoa takwimu ambazo hakuna anayeweza kuzitetea mbele ya mkaguzi.

Mfano wa mkopo

Tuchukue mkopo ambao riba yake hutozwa kwa wastani wa salio la mwanzo na salio la mwisho wa mwaka. Seli B1 tuiache wazi kwa sasa. Seli B2 ina salio la mwanzo, shilingi 10,000,000. B3 ina marejesho ya mwaka mzima, shilingi 3,000,000. B4 ina kiwango cha riba, asilimia 18. Riba inaandikwa katika B5 hivi: =B4*(B2+B6)/2. Salio la mwisho ni salio la mwanzo kujumlisha riba kutoa marejesho, kwa hiyo B6 inaandikwa =B2+B5-B3. Riba inalisubiri salio, na salio linaisubiri riba. Ukibonyeza Enter kwenye fomula ya pili, Excel inakuonya kwamba kuna marejeo ya mzunguko. Ukilifunga onyo hilo, unabaki na sifuri au thamani ya zamani ndani ya seli, na kwenye upau ulio chini ya dirisha inaonekana anwani ya seli mojawapo iliyomo katika mzunguko.

Kabla ya kuwasha mpangilio wowote, jiulize kwanza kama mzunguko huu unahitajika kweli. Mara nyingi hauhitajiki. Katika mfano wetu, hesabu ya darasani ya kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili inatosha kuumaliza: riba ni =B4*(2*B2-B3)/(2-B4), fomula isiyogusa B6 hata kidogo, na jibu lake ni shilingi 1,681,318.68. Vivyo hivyo kwa mlipaji wa Tanzania anayetaka mtoa huduma mkazi apokee shilingi 4,750,000 kamili baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Watu huunda mzunguko ambamo kodi inategemea ankara na ankara inategemea kodi, ilhali kugawa 4,750,000 kwa 0.95 kunaleta ankara ya 5,000,000 na kodi ya 250,000 papo hapo. Fomula iliyonyooka hukokotolewa wakati wowote bila hofu, na kila palipo na njia hiyo ningeshauri ifuatwe bila kusita.

Mzunguko unakuwa na haki ya kubaki pale ambapo hesabu ina masharti ndani yake: kiwango cha riba kinachobadilika salio likivuka kikomo fulani, kodi ya madaraja, au marejesho yanayotegemea fedha zilizobaki baada ya riba kulipwa, yakiwa yamefungwa kwa MIN na MAX. Hapo mlinganyo haugeuzwi kirahisi, na kurudiarudia ndiyo njia ya busara. Nitaendelea kutumia mkopo wetu mdogo kwa sababu jibu lake tunalijua tayari, na kwa hiyo tunaweza kuipima Excel.

Mpangilio wa kuruhusu marudio

Kwenye Windows, fungua "File", kisha "Options", kisha "Formulas", na uweke tiki kwenye "Enable iterative calculation". Kwenye Mac mpangilio huo uko katika mapendeleo ya Excel, sehemu ya "Calculation". Chini yake kuna visanduku viwili. "Maximum Iterations" ni idadi ya juu ya raundi, ambayo kwa kawaida ni 100 na inaweza kufikishwa 32,767. "Maximum Change" ni badiliko dogo linalohesabiwa kuwa si kitu, ambalo kwa kawaida ni 0.001. Excel hupita kwenye seli za mzunguko raundi baada ya raundi, kila raundi ikianza na thamani zilizoachwa na iliyotangulia, na husimama mara raundi zinapotimia au thamani zote zinapobadilika kwa kiasi kilicho chini ya hicho ulichokitaja, lolote litakalotangulia.

Kisanduku hiki cha pili kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kinavyoangaliwa. Kama mzunguko wako unatafuta kiasi cha shilingi, 0.001 ni sehemu ya elfu ya shilingi moja, na hakuna atakayelalamika. Lakini kama unachotafuta ni kiwango cha riba chenyewe, ambacho seli inakihifadhi kama 0.18, basi 0.001 ni sehemu ya kumi ya asilimia moja, na kwenye mkopo wa milioni 10 huo ni upungufu wa shilingi 10,000 kwa mwaka. Excel itasimama ikiridhika kabla ya kufika. Kwa mizunguko ya aina hiyo shusha kipimo hadi 0.000001 au chini zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo huwavuruga hata wahasibu wazoefu. Mpangilio wa marudio, pamoja na ule wa kukokotoa wenyewe au kwa amri, huhifadhiwa ndani ya faili, lakini Excel inapofanya kazi inautumia kwa mafaili yote yaliyo wazi kwa pamoja, nayo huuchukua kutoka kwenye faili la kwanza kufunguliwa. Ukifungua kwanza orodha ya wafanyakazi isiyo na mzunguko wowote, kisha ukafungua faili la mkopo, marudio yatakuwa yamezimwa na onyo litatokea ingawa jana lilikuwa halipo. Ukianza na faili la mkopo, orodha ya wafanyakazi nayo itakuwa chini ya marudio, na hapo kuna hatari kubwa zaidi: Excel haikuonyi tena juu ya mzunguko ulioingia kwa bahati mbaya. Mtu akiandika =SUM(B2:B10) ndani ya B10 yenyewe, na jumla halisi ni 1,000, atapata 100,000 baada ya raundi 100, na 200,000 ukokotoaji unaofuata. Namba hiyo haina alama yoyote ya kosa. Kwa hiyo faili lenye mzunguko lifunguliwe peke yake, na likimalizika Excel ifungwe kabisa kabla ya kugusa mafaili mengine.

Swichi ya kukata mzunguko

Kifaa muhimu kuliko vyote katika udhibiti huu ni seli moja ambayo inaukata mzunguko kwa matakwa yako. Tuliiacha B1 kwa kazi hiyo. Tukubaliane kwamba 1 maana yake mzunguko umekatwa na 0 maana yake unapita, kisha fomula ya riba iandikwe upya: =IF($B$1=1,0,B4*(B2+B6)/2). Wekea B1 sharti la kupokea 0 au 1 tu kupitia "Data Validation", ipake rangi inayoonekana, na andika pembeni yake maana ya kila namba. Kama faili lina miaka kumi, fomula za riba za miaka yote kumi zisome swichi hiyo moja.

Swichi ina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba mzunguko unaanza kila mara mahali pamoja panapojulikana. Ukiikata, riba inakuwa 0 na salio la mwisho linakuwa 7,000,000. Ukiifungua, hesabu inaanzia hapo, haianzii kwenye mabaki ya takwimu za wiki iliyopita.

Faida ya pili inaonekana siku kosa linapoingia ndani. Chukulia mwenzako ameandika herufi mahali pa kiwango cha riba katika B4. Seli B5 inatoa #VALUE!, B6 inayoisoma B5 nayo inatoa #VALUE!, na raundi inayofuata B5 inaisoma B6 iliyokwisha kuharibika. Mwenzako anagundua, anarudisha asilimia 18, lakini kosa haliondoki, kwa sababu sasa riba na salio zinaambukizana zenyewe na B4 haina tena sauti. Ukiweka 1 katika B1, IF inachagua sifuri bila kuugusa upande wenye kosa, B6 inapona, na ukirudisha 0 hesabu inaendelea vizuri. Wapo wanaoizungushia fomula IFERROR, inayoweka thamani nyingine mahali pa kosa, ili ijiponye yenyewe. Mimi siipendi njia hiyo kwa hesabu za fedha, kwa kuwa hulifunika kosa ambalo mwenye faili alipaswa kulijua, na sifuri iliyoingizwa kimyakimya inaweza kufika hadi kwenye ripoti.

Kuchukua amri ya ukokotoaji

Sasa tuushike wakati wenyewe. Kwenye ukurasa uleule wa "Formulas" ndani ya "Options", au kwenye kichupo cha "Formulas" chini ya "Calculation Options", badilisha kutoka "Automatic" kwenda "Manual". Kuanzia hapo Excel haikokotoi kitu mpaka uiamuru. Ukibadilisha takwimu, neno "Calculate" linaonekana chini ya dirisha kukujulisha kwamba kinachosomeka si cha sasa. Kitufe cha F9, ambacho kilikuwa na kazi hiyohiyo katika Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali ya mwaka 1983, kinakokotoa yaliyobadilika katika mafaili yote yaliyo wazi. Shift na F9 hukokotoa lahakazi (sheet) iliyo mbele yako peke yake. Ctrl, Alt na F9 kwa pamoja hukokotoa fomula zote za mafaili yaliyo wazi, ziwe zimebadilika au hazikubadilika. Ukiongeza Shift juu ya hizo, Excel inaanza kwa kuupanga upya utegemezi wote baina ya seli.

Unapochagua "Manual", kuna tiki inayojiweka yenyewe: "Recalculate workbook before saving". Maana yake ni kwamba kila unapohifadhi faili, mzunguko unazungushwa tena bila wewe kuamuru. Kwa mkopo wetu haina madhara, kwa sababu jibu likishatulia linabaki palepale. Kwa fomula zinazokusanya, nitakazozieleza baadaye, ina madhara makubwa, nayo ni lazima iondolewe.

Ili kuona kinachotokea ndani, weka "Manual", weka "Maximum Iterations" kuwa 1, andika 1 katika B1 na ubonyeze F9, kisha andika 0 na uanze kubonyeza F9 mara mojamoja. Mara ya kwanza riba inasomeka 1,530,000. Mara ya pili inasomeka 1,667,700, ya tatu 1,680,093, ya nne 1,681,208.37, ya tano 1,681,308.75. Jibu la kweli ni 1,681,318.68, na kila hatua inapunguza pengo lililobaki mpaka asilimia 9 ya lilivyokuwa, ambayo ni nusu ya kiwango cha riba kilichomo ndani ya fomula. Ukirudisha kikomo kuwa 100, Excel itasimama kwenye raundi ya kumi, kwa kuwa hapo badiliko limeshuka chini ya 0.001. Zoezi hili nalipendekeza kwa kila mzunguko mpya kabla haujaaminiwa. Pengo likipungua kila hatua, mzunguko una jibu na unaliendea. Namba zikiruka juu na chini bila kutulia, au zikikua bila kikomo, tatizo limo katika fomula zenyewe, na kuongeza raundi hakutasaidia.

Ongeza pia seli ya uhakiki isiyosomwa na fomula yoyote ya mzunguko. Katika B8 andika =ABS(B5-B4*(B2+B6)/2)<0.01. Inarudia hesabu ya riba kwa salio lililopo sasa na kuilinganisha na riba iliyoandikwa. Baada ya raundi moja tofauti bado ni 137,700, kwa hiyo itasema FALSE. Hesabu ikishatulia itasema TRUE. Itasema FALSE pia kama umesahau swichi ikiwa imekata, na kwa sababu hiyo pekee inastahili kuwekwa juu ya ukurasa mahali ambapo anayechapisha ripoti hawezi kuikosa.

Fomula zinazokusanya na zinazoandika saa

Kuna mizunguko isiyotafuta jibu la mlinganyo bali inayotaka seli ikumbuke kilichopita. Huko ndiko wakati wa kukokotoa unapoamua kila kitu. Mfano ni jumla inayokua: unaandika kiasi katika A2 na C2 inajiongezea, =C2+A2. Kwa kikomo cha raundi 100, shilingi 500 uliyoiandika mara moja itaongezwa mara mia. Hata kikomo kikiwa 1, badiliko lolote mahali pengine linaweza kuamsha ukokotoaji na kuiongeza tena. Anayelazimika kuitumia aweke "Manual", kikomo cha raundi kiwe 1, aondoe tiki ya kukokotoa wakati wa kuhifadhi, na aifunge fomula kwa swichi: =IF($B$1=1,C2,C2+A2), ili swichi ikiwa 1 seli ishikilie ilichonacho. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba fedha zisihesabiwe hivi kamwe. Orodha ya mapokezi yenye mstari kwa kila muamala, na SUM chini yake, inaacha ushahidi wa kila kiasi. Seli inayojiongezea inaacha namba moja isiyoweza kukaguliwa.

Muhuri wa saa una nafasi yake zaidi. Fomula =IF(A2="","",IF(C2="",NOW(),C2)) ndani ya C2 inaandika saa pale A2 inapojazwa, na baada ya hapo inajisoma yenyewe, kwa hiyo saa haisogei ingawa NOW hubadilika kila ukokotoaji. Iingize wakati A2 bado ni tupu. Ukiiingiza A2 ikiwa tayari na kitu, C2 inaanza na sifuri, sifuri si tupu, na utaona tarehe ya mwaka 1900. Fahamu pia kwamba ukifuta A2 na kuiandika tena unapata saa mpya, kwa hiyo muhuri huu unafaa kwa kumbukumbu za kazi za kila siku na haufai kuwa uthibitisho katika shauri.

Kukabidhi kazi kwa makro

Faili litakalotumiwa na watu wengi linaweza kujipangia mazingira yake lenyewe kwa makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ambayo Excel huyafuata. Fungua kihariri cha VBA, lugha ya kuandikia makro, kwa Alt na F11, na ndani ya ThisWorkbook andika:

Private Sub Workbook_Open()
    Application.Iteration = True
    Application.MaxIterations = 100
    Application.MaxChange = 0.001
End Sub

Kisha, ndani ya moduli ya kawaida, andika makro itakayofungwa kwenye kitufe cha lahakazi ya mkopo:

Sub KokotoaMkopo()
    Range("B1").Value = 1
    Application.Calculate
    Range("B1").Value = 0
    Application.Calculate
End Sub

Kitufe hiki kinakata, kinasafisha, kinafungua na kinakokotoa, kwa mpangilio uleule kila mara, na mtumiaji hahitaji kujua chochote kuhusu F9. Faili lihifadhiwe kwa muundo wa .xlsm, na ikumbukwe kwamba ofisi zinazozuia makro zitalifungua bila maagizo haya kufanya kazi, kwa hiyo maelezo ya swichi yabaki yameandikwa kwenye lahakazi.

Mzunguko mkubwa utalifanya faili kuwa zito. Excel hukokotoa mizunguko kwa kutumia uzi mmoja tu wa prosesa, yaani njia moja ya kazi, hata kama kompyuta ina nane, na hupita lahakazi moja baada ya nyingine bila kufuata utegemezi wa seli. Mzunguko unaotoka lahakazi ya mapato, ukapita ya mkopo na kurudi ya kodi, unahitaji raundi nyingi zaidi kuliko ule uliokaa pamoja. Ziweke seli zake zote kwenye lahakazi moja, zikipangwa kutoka juu kwenda chini kwa mfuatano wa hesabu.

Kwa wanaotumia programu nyingine, LibreOffice Calc ina mpangilio huu chini ya "Tools", "Options", "LibreOffice Calc", "Calculate", kwa viwango vya awali vya raundi 100 na 0.001. Marudio yakiwa yamezimwa inaonyesha Err:522, na yakiwa yamewashwa lakini hesabu isitulie inaonyesha Err:523, tofauti yenye msaada mkubwa ambayo Excel haitoi. Google Sheets huweka mpangilio chini ya "File", "Settings", "Calculation", ikianza na raundi 50 na kipimo cha 0.05, ambacho kwa hesabu za viwango ni kikubwa mno na kinapaswa kushushwa mara moja. Sheets haina hali ya kukokotoa kwa amri. Humo swichi ndiyo udhibiti pekee ulio nao, na kisanduku cha tiki chenye TRUE na FALSE kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko namba.